Tani Tano kwa Masikio Manne

Hapa kwetu Yamumbi, Eldoret, gunia jumbo haliji jipya. Linafika likiwa limeshamaliza kazi kwingine, limekunjwa, nasi tunalifumua mishono na kuligeuza turubai la kuanikia mahindi au ukuta wa banda la kuku. Langu nililitandaza uani wakati wa mavuno. Kwenye lebo iliyofifia, maandishi mawili tu yalisomeka: 1000 kg na 5:1. Natamani kila anayenunua gunia la mtumba ayasome hayo kwanza.

Gunia lenyewe kwa kawaida halifiki kilo tatu, na linabeba tani moja. Hiyo 5:1 maana yake ni kwamba sampuli yake ilivutwa kwa masikio, yaani vitanzi vyake vinne vya kuinulia, mara 30 ikiwa na mzigo wa mara mbili ya huo, kisha mzigo ukapandishwa hadi mara tano: tani tano zikining'inia kwenye nyuzi za polipropilini. Ndivyo kinavyotaka kiwango cha ISO 21898. Mabingwa ni yale ya 8:1. Hayo huvutwa mara 70 kwa mzigo wa mara sita, halafu hufikishwa mara nane.

Lakini gunia la 5:1 hujazwa mara moja tu. Nguvu ile ya ziada si ruhusa ya kuongeza mzigo. Ni akiba ya siku mshono ukilegea, kreni ikishtuka, au sikio moja likivutwa kuliko mengine. Nimewahi kusimama kwenye mjengo mmoja, vijana wanapandisha mchanga kwa gunia la mtumba la aina hiyo, na mwenzao yuko chini yake kabisa ameshika kamba. Moyo ulinienda mbio hadi mchanga ulipotua juu.

Jaribio kali kuliko yote, kwangu mimi, ni la kisu. Limo katika kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu magunia ya bidhaa hatari. Gunia lililojaa huwekwa sakafuni, likachanwa ubavuni jeraha la milimita 100, mshazari wa digrii 45, kisu kikipenya hadi ndani. Kisha linabebeshwa mara mbili ya uzito wake wa juu kabisa kwa dakika tano. Mzigo huo ukishaondolewa, linainuliwa juu dakika tano nyingine. Mpasuko usiongezeke zaidi ya robo, yaani sentimita mbili na nusu. Jaribio la kupanga gunia juu ya gunia, nalo, hudumu saa 24 chini ya mzigo wa mara 1.8 ya uzito wa magunia yanayoruhusiwa kukaa juu yake.

Nje ya maabara, miongoni mwa safari ndefu za magunia haya katika ukanda wetu ni ile ya kobalti kutoka Kolwezi, Kongo, hadi bandari ya Dar es Salaam: zaidi ya kilomita 2,000 za malori, mashimo na mizani.

Na msiba mkubwa kuliko yote ninayoijua ya magunia haya ulikuwa na anwani ya Afrika Mashariki. Tani 2,750 za nitrati ya amonia, ndani ya magunia ya tani moja moja, zilikuwa zinapelekwa Beira, Msumbiji. Meli Rhosus ikakwama Beirut mwaka 2013. Mzigo ukawekwa ghalani miaka mingi, magunia mengi yakapasuka na kumwaga, na tarehe 4 Agosti 2020 ghala likalipuka. Watu zaidi ya 200 walikufa. Hakuna mtihani wa maabara unaoliandaa gunia kutelekezwa hivyo.

Adui wa gunia langu ni mtulivu zaidi: jua. Maabara huanika kitambaa chini ya taa za urujuanimno kwa saa 200, na lazima kibaki na angalau nusu ya nguvu yake. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la huku huchoma hata siku ya baridi. Juzi nililikunja gunia baada ya kuanua mahindi. Nyuzi zilikatika kama nyasi kavu, na chembe nyeupe zikabaki zimeganda viganjani.