Bunduki ya marisau inapokwama: mmiliki aanze kutafuta wapi?

Malalamiko ya wamiliki wa bunduki za marisau zinazojipakia zenyewe hufanana. Risasi ya kwanza hutoka vizuri, ya pili hukwama njiani. Mmiliki huvuta bolti kwa nguvu, huitikisa bunduki, na wengine hugonga kitako chini huku mtutu ukiwa umeelekea usoni mwao. Hapo ndipo hatari inapoanza, kwa kuwa bunduki iliyokwama mara nyingi bado ina risasi ya moto ndani. Kasoro yenyewe kwa kawaida ni ndogo na chanzo chake hutambulika kwa uchunguzi wa dakika chache, ilimradi anayechunguza aanze mahali panapostahili.

Hatua ya kwanza, kabla ya uchunguzi wowote, ni kuelekeza mtutu mahali salama na kuondoa kidole kwenye kifyatulio. Ikiwa kifyatulio kimevutwa na risasi haikulipuka, bunduki ishikwe hivyo hivyo kwa sekunde zisizopungua 30, kwani ziko risasi zinazochelewa kuwaka. Baada ya hapo risasi zote zitolewe, katika chemba na katika bomba la magazini, na kidole kiingizwe kuhakikisha kwamba hakuna iliyobaki. Iwapo mlio wa mwisho ulikuwa hafifu kuliko kawaida, asifyatue tena mtu yeyote kabla mtutu haujapitishwa ufito kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mlio hafifu unaweza kuwa na maana kwamba kizibo au marisau yamebaki ndani ya mtutu, na risasi itakayofuata itaupasua.

Bunduki ya aina hii, ambayo wengi huiita shotigani, huazima nguvu ya risasi iliyolipuka ili kuandaa risasi inayofuata. Nguvu hiyo hurudisha bolti nyuma, kulabu ndogo iliyo kwenye bolti huvuta ganda tupu na kulitupa nje, nyundo hujikoki, na springi hubanwa. Wakati huohuo risasi moja huachiwa kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu na kuangukia kwenye kibao cha kunyanyulia. Springi inapojinyoosha, bolti hurudi mbele, kibao huinua risasi, na bolti huisukuma ndani ya chemba. Yote haya hukamilika kwa muda usiofika nusu sekunde. Kwa hiyo kukwama kuna vyanzo viwili vikubwa: ama nguvu iliyoazimwa haikutosha, ama njia ya risasi ina kizuizi.

Kutenganisha vyanzo hivyo hakuhitaji fundi. Zipo risasi za mazoezi, zisizo na baruti wala fataki, ambazo huuzwa kwa kazi hiyo. Risasi za moto zisitumike kamwe kwa jaribio hili. Bomba hujazwa risasi hizo za mazoezi, kisha bolti huvutwa kwa mkono hadi mwisho na kuachiwa irudi yenyewe kwa nguvu ya springi. Kuisindikiza kwa mkono hadi mbele ni kosa linaloharibu jaribio zima. Ikiwa risasi zote zinapita kwa mkono lakini bunduki hukwama inapofyatuliwa, tatizo liko upande wa nguvu: risasi hafifu, uchafu, breki iliyowekwa vibaya au gesi inayovuja. Ikiwa hukwama hata kwa mkono, njia yenyewe ina kasoro, na kasoro hiyo itafutwe pale pale risasi iliposimama.

Risasi isiyotoka kabisa katika bomba huelekeza macho kwenye springi ya magazini iliyochoka au kuota kutu, bomba lililobonyea, au ganda lililovimba. Baadhi ya bunduki zilizotoka Marekani huwa na kijiti ndani ya bomba, kilichowekwa ili kupunguza idadi ya risasi kwa ajili ya kanuni za nchi hiyo za uwindaji wa ndege wahamao. Kijiti hicho kikivimba au kulala upande huzuia springi, na mmiliki mpya anaweza kukaa na bunduki miaka mingi bila kujua kwamba kimo. Risasi mbili zikitoka kwa pamoja na kubanana chini ya bolti, kizuizi kinachopaswa kuziachia moja moja kimelika au kimeshikwa na mafuta yaliyoganda. Risasi iliyoinuliwa lakini ikagota kwenye ukingo wa chemba huashiria kibao kilichopinda, springi ya kurudishia bolti iliyolegea, au mdomo wa risasi uliopondeka kwa kubebwa mfukoni kwa muda mrefu. Ganda tupu likibaki ndani ya chemba, kulabu ichunguzwe kwanza, kisha chemba yenyewe: madoa madogo ya kutu yasiyoonekana kwa urahisi hulishika ganda la plastiki linapotanuka.

Upande wa nguvu una mambo mengi zaidi, kwa sababu si bunduki zote huazima nguvu kwa njia moja. Ya kwanza kufanikiwa ilibuniwa na Mmarekani John Moses Browning, aliyeipatia hataza mwaka 1900. Kampuni ya Winchester ilikataa sharti lake la kulipwa kwa kila bunduki itakayouzwa. Alipokwenda Remington, rais wa kampuni hiyo, Marcellus Hartley, alifariki ghafla Januari 1902 kabla ya kuonana naye. Browning akavuka bahari hadi Ubelgiji, na kiwanda cha FN cha Herstal kikaipokea. Bunduki hiyo, iliyokuja kujulikana kama Auto-5 kwa kuwa hubeba risasi tano, nne ndani ya bomba na moja ndani ya chemba, iliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1990, na zilizopo bado hurithishwa kutoka baba hadi mwana.

Katika Auto-5, mtutu wenyewe hurudi nyuma pamoja na bolti, na mwendo wake hupunguzwa na breki iliyojificha chini ya mbao ya mbele. Breki hiyo ni kipande cha shaba nyeusi kinachobana bomba la magazini, pamoja na pete ya chuma. Kwa risasi nzito, pete huwekwa mbele ya springi ya mtutu, ikikigusa kipande cha shaba ili kukaza breki. Kwa risasi nyepesi, pete huhamishiwa nyuma ya springi, karibu na mwili wa bunduki, ambako haifanyi kazi yoyote. Anayepiga risasi nyepesi na pete ikiwa mbele atakwama kila mara, kwa kuwa mtutu haufiki mwisho wa safari yake. Anayepiga nzito na pete ikiwa nyuma hatakwama, na hilo ndilo baya zaidi: bunduki itafanya kazi vizuri huku chuma kikigongana na chuma, teke litazidi begani, na mbao ya mbele itapasuka. Bunduki nyingi za aina hii zinazodaiwa kuharibika zimekosewa mpangilio wa pete tu. Bomba nalo lipakwe mafuta kidogo kwa kitambaa. Likikauka kabisa breki hung'ang'ania, likilowa breki huteleza.

Bunduki zinazotumia gesi, kama Remington 1100 iliyotoka mwaka 1963, zina matundu madogo kwenye mtutu yanayopitisha gesi ya baruti ili kusukuma pistoni iliyozunguka bomba la magazini. Masizi yakiziba matundu, au pete ya mpira inayozuia gesi isivuje ikipasuka, bolti hukosa nguvu. Mpira huo ni wa bei ndogo, lakini ukikosekana bunduki nzima huonekana mbovu. Hapa mafuta mengi ni adui, kwa kuwa huchanganyika na masizi na kuwa kama gundi.

Aina ya tatu, iliyosambazwa zaidi na kampuni ya Benelli ya Italia, hutegemea springi fupi iliyo ndani ya bolti, ambayo hubanwa bunduki nzima inaporuka nyuma. Isiporuka, springi haibanwi. Ndiyo maana hukwama inapofyatuliwa ikiwa imeegemezwa mahali pagumu, au inapoongezewa vifaa vizito. Ina tabia nyingine inayofaa kujulikana: bolti ikirudishwa polepole ili isipige kelele, kichwa chake huweza kukosa kujifunga, na kifyatulio kikivutwa husikika mlio wa nyundo tu.

Kabla ya kulaumu yoyote kati ya hizo, risasi zibadilishwe. Risasi ya geji 12 yenye gramu 24 za marisau hutengenezwa kwa ajili ya kulenga visahani, na bunduki nyingi zilizopangiwa gramu 32 au zaidi hazizungushwi vizuri nayo. Urefu nao una siri yake. Milimita 65, 70 au 76 zilizoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda baada ya kufunguka, si kabla. Risasi ya 76 huingia bila shida katika chemba ya 70 kwa sababu mdomo wake umekunjwa, kisha inapolipuka mdomo hukosa nafasi ya kufunguka na msukumo wa gesi hupanda kupita kiwango. Urefu wa chemba umechongwa kwenye mtutu. Usiposomeka, fundi aupime. Auto-5 za zamani za geji 16 zina chemba ya milimita 65, na risasi za siku hizi za 70 haziifai.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchanganya geji. Risasi ya geji 20 ikitumbukizwa katika bunduki ya geji 12 haibaki kwenye chemba. Huteleza na kunasa mbele yake. Mmiliki huona chemba tupu, hupakia ya geji 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka karibu na mkono wa mbele. Kwa sababu hiyo watengenezaji wamezoea kuyapaka maganda ya geji 20 rangi ya njano. Risasi ya njano isikae kamwe mfuko mmoja na za geji 12.

Katika ukanda wa Pwani na visiwani, unyevu na chumvi huongeza kazi. Maganda ya karatasi huvimba, kitako cha ganda huota kutu ya kijani, na chemba huota madoa katika msimu mmoja wa masika. Risasi zihifadhiwe mahali pakavu, na iliyovimba au kuota kutu itengwe, isisuguliwe ili kurudishwa kazini. Bunduki isihifadhiwe ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa, kwa kuwa mfuko hutunza unyevu.

Kusafisha, kupaka mafuta, kupanga pete na kubadilisha risasi ni kazi za mmiliki. Kupiga tupa kizuizi, kunyoosha kibao, kuchonga chemba au kugusa mfumo wa kifyatulio si kazi zake. Nchini Tanzania, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaweka umiliki na utengenezaji wa silaha chini ya leseni, hivyo bunduki ipelekwe kwa fundi anayetambuliwa, ikiwa tupu na ikiambatana na kibali chake. Fundi atafanya kazi haraka zaidi akielezwa mambo manne: risasi iliyotumika ilikuwa ya kampuni gani na gramu ngapi, risasi ya ngapi ndiyo iliyokwama, ilisimama mahali gani hasa, na kama ilikwama pia bolti ilipovutwa kwa mkono.