Leseni Kwanza, Ada Baadaye

Mgonjwa wa kisukari wa Ekalakala, huko Masinga katika kaunti ya Machakos, hakosi wa kumshauri. Jirani atamkataza ugali, muuza dawa za mitishamba atamwonyesha unga wa kusafisha damu, na siku hizi kuna mshauri wa kwenye simu anayetaka alipwe kwanza kwa M-Pesa ndipo atume ratiba ya chakula. Wote watatu wanaongea kwa uhakika. Lakini mwenye haki ya kutoza ada kwa ushauri wa lishe ni yule mwenye leseni.

Kenya imelitungia jambo hili sheria. Sheria namba 18 ya mwaka 2007 iliunda taasisi ya kusimamia wataalamu wa lishe, KNDI, ambayo husajili wahitimu na kutoa leseni ya kila mwaka. Anayetoa huduma hii bila usajili anavunja sheria, hata kama ana wafuasi laki moja mtandaoni. Uingereza yenyewe haijabana hivyo: mtaalamu wa tiba-lishe hulindiwa jina lake kisheria, lakini yeyote anaweza kubandika mlangoni kibao cha mshauri wa lishe.

Kwa hiyo kabla ya kutuma pesa, mteja aombe namba ya usajili na leseni ya mwaka huu, kisha ahakikishe na KNDI. Cheti cha semina ya wikendi kutoka kampuni ya virutubisho si leseni, hata kikitiwa fremu ya dhahabu. Aulize pia kiwango cha elimu, kwa kuwa wapo wenye cheti, diploma na shahada, na mgonjwa wa figo anahitaji aliyefunzwa tiba ya hospitalini.

Figo ndizo zinazoonyesha kwa nini elimu hiyo inalipiwa. Mwenye kisukari hunufaika akiongeza kunde na nzuu, yaani mbaazi, kwa sababu nyuzinyuzi zake hupunguza kasi ya sukari kupanda. Lakini figo zikishadhoofika, kunde hizohizo, pamoja na ndizi na parachichi, huenda zikahitaji kupimwa kwa uangalifu kutokana na potasiamu iliyomo. Jirani hawezi kulijua hilo kwa kumtazama mtu usoni. Mtaalamu hudai kwanza majibu ya maabara na orodha ya dawa.

Kisha huuliza maswali yanayoweza kuonekana ya umbeya: jana ulikula nini, tangu chai ya asubuhi? Sukari vijiko vingapi? Nani hupika, na kwa bei gani? Tuseme jibu ni muthokoi, mlo wa mahindi wa Wakamba. Mahindi hayo yamekobolewa, na maganda yenye nyuzinyuzi yamebaki kinuni. Mshauri mzuri hamkatazi Mkamba muthokoi. Humwambia apunguze mahindi, aongeze nzuu sufuriani, au arudie isyo ya mahindi yasiyokobolewa. Majedwali ya viinilishe vya vyakula vya Kenya yalichapishwa mwaka 2018, hivyo hana kisingizio cha kumpa mtu wa Masinga orodha ya brokoli na samaki wa salmoni.

Na ada? Si lazima ianzie mfukoni. Tangu Oktoba 2024 mamlaka ya bima ya afya, SHA, imechukua nafasi ya NHIF ya zamani, na kwa aliyejisajili, matibabu yasiyohitaji kulazwa katika zahanati na vituo vya afya vya umma hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi. Si kila zahanati ina mtaalamu wa lishe, lakini mgonjwa anaweza kuandikiwa rufaa ya kwenda hospitali kubwa zaidi. Kwa mtoto mdogo anayeshukiwa kuwa na utapiamlo, mhamasishaji wa afya wa kijijini humfunga utepe wa rangi mkononi kumpima: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, na hapo safari ya kliniki haingoji siku ya soko.

Anayeamua kulipa kliniki ya binafsi aulize kama ada inajumuisha ziara ya pili, kwa sababu mpango wa chakula hurekebishwa baada ya vipimo vipya. Adai risiti. Na mshauri akimaliza kikao kwa kutoa kopo la unga kutoka drooni na kutaja bei yake, mteja ana haki ya kumuuliza analipwa kiasi gani kwa kila kopo analouza.