Je, Wajua? Tindikali au Leza kwa Ngozi Iliyochakazwa na Jua

Je, wajua kwamba makunyanzi na madoa mengi ya usoni huletwa na jua kuliko umri? Mwombe mzee akuonyeshe ngozi ya karibu na kwapa lake, kisha tazama ya shingoni. Miaka ni ile ile. Ya kwapani imebaki laini, ya shingoni imekauka, imekunjamana na kutapakaa madoa.

Je, wajua kwamba kioo cha dirisha la gari hakizuii jua lote? Miale ya urujuanimno inayotufikia ni ya aina mbili. UVB ndiyo inayounguza, na kioo huizuia kwa kiasi kikubwa. UVA hupenya kioo cha pembeni, ikazama hadi tabaka la ndani la ngozi na kuharibu nyuzi za kolajeni zinazoifanya ngozi ikaze. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya dereva wa lori wa Marekani, mwenye umri wa miaka 69, aliyeendesha kwa miaka 28. Shavu lake la kushoto, lililokaa upande wa dirisha, lilikuwa limejaa mikunjo mizito kuliko la kulia. Kenya, Uganda na Tanzania usukani uko kulia, kwa hiyo shavu la madereva wetu linaloumia zaidi ni la kulia.

Je, wajua kwamba tindikali nyingi za kubandua ngozi, zinazotumika kurekebisha madhara hayo ya jua, zimo katika vyakula na mimea? Asidi ya laktiki imo kwenye maziwa mgando. Asidi ya glikoliki imo kwenye muwa. Asidi ya salisiliki ni ndugu wa aspirini, ndiyo maana mwenye mzio wa aspirini hapakwi. Lakini tindikali ya kliniki imekolezwa mara nyingi, na mtindi wa jikoni hauwezi kuchukua nafasi yake.

Kazi hii ya kubandua ngozi kwa tindikali si ya jana. Mwaka 1882 daktari wa ngozi Paul Gerson Unna, wa Hamburg nchini Ujerumani, alikuwa tayari ameeleza matumizi ya salisiliki, fenoli na asidi ya trikloroasetiki, ile ambayo madaktari huifupisha kuwa TCA. Zote tatu zinatumika hadi leo.

Je, wajua kwamba kina ndicho kinachoamua kila kitu? Tindikali nyepesi hubandua seli za juu tu, na uso hupona ndani ya siku chache hadi wiki. TCA ya asilimia 35 hushuka hadi mwanzo wa tabaka la ndani. Uso huvimba, hugeuka kahawia na kuambuka kwa wiki moja au mbili. Fenoli huenda chini zaidi, na wekundu wake huweza kudumu miezi. Pia huingia kwenye damu na huweza kuvuruga mapigo ya moyo, kwa hiyo hupakwa kidogo kidogo huku mgonjwa ameunganishwa na mashine ya kupima moyo. Yeyote anayetaka kukupaka fenoli bila mashine hiyo, ondoka.

Je, wajua kwamba ngozi kugeuka nyeupe wakati wa kupakwa dawa kuna maana mbili tofauti kabisa? Kwa TCA, weupe ni protini za ngozi zilizoganda, na mtaalamu huusoma weupe huo ili ajue dawa imefika wapi. Kwa salisiliki, weupe ni chembe za dawa yenyewe zilizobaki baada ya spiriti yake kukauka. Glikoliki haitoi weupe unaotarajiwa wala haijizuii. Lazima izimwe kwa maji au kwa kimiminika cha magadi kwa wakati uliopangwa. Asiyejua tofauti hizi anaweza kuiacha tindikali iendelee kula uso wa mtu akidhani kila kitu kiko sawa. Kwangu mimi hii ndiyo hoja kubwa dhidi ya chupa za kununua mtandaoni. Mwezi Julai 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliwaonya wananchi wasinunue wala kutumia nyumbani tindikali kali za kubandua ngozi bila usimamizi wa mtaalamu, kwa sababu ya majeraha ya kuungua na makovu.

Sasa leza. Theodore Maiman aliwasha ya kwanza tarehe 16 Mei 1960 huko California, na miaka michache tu baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alikuwa anaichunguza juu ya ngozi ya binadamu. Leza zilizofuata ziliunguza zaidi ya ilivyokusudiwa, mpaka mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish walipoeleza kanuni iliyobadilisha kazi yote: chagua urefu wa wimbi unaofyonzwa na kitu unachokilenga, kisha upige kwa muda mfupi kuliko ule ambao joto linahitaji ili kusambaa pembeni.

Je, wajua kwamba leza ya kabonidioksidi hulenga maji? Wimbi lake lina urefu wa nanomita 10,600, na maji yaliyomo kwenye seli hulifyonza mara moja, yakachemka na kuondoka na ngozi hiyo kama mvuke. Zamani uso mzima ulichomwa kwa mkupuo. Baadaye ilienea njia ya kutoboa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, huku ngozi isiyoguswa ikiachwa katikati yake, na kidonda hupona kutokea pembeni. Kolajeni mpya huendelea kujengwa kwa miezi kadhaa, kwa hiyo matokeo ya wiki ya pili si matokeo ya mwisho.

Basi ipi bora? Kwa ngozi inayokwaruza na madoa mepesi, tindikali nyepesi iliyorudiwa mara kadhaa inatosha na ni nafuu. Kwa makunyanzi ya kina leza humpa daktari udhibiti mzuri wa kina, ingawa fenoli bado inashindana nayo kwenye mikunjo ya kuzunguka mdomo. Kwa vishipa vyekundu vilivyotanuka tindikali haisaidii. Hapo ni leza.

Lakini majibu hayo yamepatikana zaidi kwa ngozi nyeupe, na msomaji wangu wa Mombasa au Mwanza anastahili jibu lake.

Je, wajua kwamba kipimo cha aina za ngozi kinachotumiwa na madaktari duniani kilianza bila sisi? Thomas Fitzpatrick wa Harvard alikiandaa mwaka 1975 kikiwa na ngazi nne, zote za watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye kama ngazi ya tano na ya sita. Melanini yetu ni kinga ya kweli. Ndiyo sababu makunyanzi huchelewa kutupata. Ila melanini hiyo hiyo hufyonza mwanga wa leza nyingi. Mwanga uliokusudiwa kushuka chini huishia juu, ngozi ikaungua na kubaki na madoa meusi au meupe. Leza ya Nd:YAG yenye wimbi la nanomita 1,064 haifyonzwi sana na melanini, hivyo ni salama zaidi kwetu kwa kazi zinazoifaa. Kwa upande wa tindikali, salisiliki ya asilimia 20 hadi 30 inajulikana kuvumiliwa vizuri na ngozi nyeusi. Fenoli huweza kuiachia mabaka meupe ya kudumu. Kabla ya lolote kati ya haya, daktari makini hujaribu kwanza sehemu ndogo iliyojificha na kusubiri.

Je, wajua kwamba anayetumia mkorogo anapaswa kumwambia daktari, hata kama anaona aibu? Krimu za kujichubua zenye steroidi hukondesha ngozi, na tindikali iliyopimwa kwa ngozi ya kawaida huzama kuliko ilivyopangwa. Hidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huweza kuleta weusi wa samawati mashavuni, hali iliyoelezwa Afrika Kusini mwaka 1975, na leza na tindikali zote hupata shida kuuondoa. Mwambie pia kama umewahi kuota malengelenge ya mdomoni. Kirusi chake huamka baada ya kubandua au kuchoma, hivyo vidonge vya kukizuia huanza kabla.

Je, wajua kwamba kuna dawa iliyopimwa vizuri isiyohitaji mashine wala mtu wa kukuchoma? Ni tretinoini, krimu ya chunusi ambayo Albert Kligman na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba hurekebisha ngozi iliyozeeshwa na jua. Huwasha mwanzoni, huhitaji miezi, na mjamzito haitumii.

Losheni ya kukinga jua nayo ina ushahidi wake. Katika mji wa Nambour, Australia, watu wazima 903 walifuatiliwa kwa miaka minne na nusu. Walioagizwa kuipaka kila siku walionyesha uzee wa ngozi pungufu kwa asilimia 24 kuliko waliopaka walipojisikia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013.

Na je, wajua kwamba losheni ya kukinga jua inatengenezwa hata Moshi? Ngozi iliyochakazwa na jua kuliko zote nchini Tanzania ni ya ndugu zetu wenye ualbino. Kwao doa lenye magamba mdomoni au sikioni, lisipotibiwa, huweza kuwa saratani, na wengi huanza kuota madoa hayo wakiwa wadogo. Katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo kwenye hospitali ya KCMC, wataalamu hutengeneza losheni iitwayo Kilisun mahususi kwa ajili yao, na hugawiwa bure kwenye kliniki. Kliniki hizo hukagua ngozi kuanzia utosini, na madoa ya mwanzo hugandishwa kwa naitrojeni ya kimiminika siku hiyo hiyo.