Bima Imedinda Kulipia Oparesheni ya Kupunguza Uzito? Tulia, Usifute Hiyo Imeli

Sista yangu mkubwa alipata jibu lake akiwa ndani ya mathree, Thika Road, asubuhi akienda job. Imeli ya mistari mitatu: ombi lako limekataliwa, hii ni huduma ya urembo, asante kwa kutuchagua. Yaani miezi nane ya kupiga foleni kwa madaktari imeishia kwa mistari mitatu.

Jioni aliniambia, "Wacha tu, mwili ni wangu, nimejiletea." Hapo ndipo niliwaka. Mimi si wakili, hata college sikumaliza, lakini kusoma najua. Tulikaa chini tukasoma mkataba wake wa bima ukurasa kwa ukurasa. Haya ndiyo tulijifunza, na kama umekwama hapo hapo, yatakusaidia.

Kwani hii ni oparesheni ya urembo?

Hapana. Usiichanganye na ile ya kufyonza mafuta ili tumbo likae fiti kwa picha. Hapa daktari anapunguza tumbo lenyewe, lile la chakula. Kwa aina moja wanatoa karibu robo tatu ya tumbo au zaidi. Kwa nyingine wanatengeneza kifuko kidogo na kukiunganisha na utumbo, chakula kipite njia ya mkato. Ukifanyiwa, unakula kidogo na unameza vitamini maisha yako yote. Hakuna mtu anajiingiza hapo juu ya selfie.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linahesabu unene wa kupindukia kama ugonjwa sugu. Shika hiyo point, utaihitaji.

Madaktari huangalia BMI, yaani kilo zako ugawanye kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mtu wa kilo 118 mwenye urefu wa mita 1.65 ana BMI ya 43 na kidogo. Tangu 1991, kipimo kilichotumika sana kilikuwa 40 kwenda juu, au 35 kama una ugonjwa mwingine kama sukari au presha. Mwaka wa 2022, vyama vikubwa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha hadi 35 hata kama huna ugonjwa mwingine. Lakini kampuni ya bima inaweza kuwa bado inatumia kile cha kitambo. Uliza wanatumia kipi.

Mbona wanadinda?

Sababu huwa ni hizi:

1. Mkataba umeitoa waziwazi. Angalia ile orodha ya vitu wasivyolipia, huwa nyuma na maandishi madogo. Kama imeandikwa "upasuaji wa kupunguza uzito", hiyo ni ngumu.
2. Wameiita urembo. Hii ndiyo ilimpata sista.
3. Karatasi hazijatosha. Daktari ameandika "mgonjwa ni mnene" basi. Hakuna BMI, hakuna historia, hakuna ripoti ya mtaalamu wa lishe.
4. Hukuomba idhini kabla ya kulazwa, au hosi haiko kwa orodha yao.
5. Muda wa kusubiri haujaisha, hasa kama ugonjwa ulikuwa nao kabla ya kujiunga.

Kila sababu ina dawa yake. Ndiyo maana huwezi kupigana kabla ujue umepigwa na gani.

Sasa ufanye nini?

Kwanza, itisha sababu kwa maandishi. Usikubali kuambiwa kwa simu na customer care. Waambie wakuonyeshe kifungu gani cha mkataba wametumia. Kama ni kava ya kazini, mkataba kamili uko kwa HR au kwa broka. Ile kadi na kijikaratasi ulipewa siku ya kwanza si mkataba.

Pili, linganisha. Soma walichoandika kwa imeli na kilichoandikwa kwa mkataba. Kwa sista, mkataba ulitoa "matibabu ya urembo" lakini haukusema lolote kuhusu upasuaji wa unene. Hiyo ni tofauti kubwa.

Tatu, rudi kwa daktari upate barua ya maana. Iwe na BMI yako, magonjwa uliyonayo, dawa unazomeza, njia ulizojaribu kabla (lishe, mazoezi) na tarehe zake, na itakuwaje usipofanyiwa. Ambatisha vipimo vya sukari na presha. Kama unakata pumzi usingizini au magoti yamekataa ngazi, daktari aandike.

Nne, kata rufaa kwa kampuni yenyewe, kwa imeli, na uweke kopi. Mhusishe HR. Wewe ni mteja mmoja, lakini mwajiri wako ni mteja wa watu wengi, na huyo hawawezi kumlenga.

Tano, wakikulenga bado, peleka malalamiko kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Hao ndio wanasimamia kampuni za bima Kenya. Enda na zile kopi zote.

Sita, kama ulishalipa na unadai doh yako, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, inafaa kuamua ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Na kama shida yako ni na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hiyo ni njia tofauti. Sheria yake ya 2023 ina jopo la kutatua migogoro.

Usijaribu hii

Kuna msee atakunong'onezea: "Ambia daktari aandike ni ngiri, watalipa." Wachana naye. Huo ni ulaghai. Ukishikwa unapoteza kava, na kesi juu. Vilevile usifiche ugonjwa kwa fomu ya kujiunga, maana ndiyo kitu cha kwanza wataangalia bili ikija kubwa.

Na usikimbilie shylock. Kama mkataba umeitoa waziwazi, rufaa inaweza kugonga mwamba, tusidanganyane. Hapo ongea na HR kabla kava ifanywe upya, maana wakati huo ndio mwajiri anaweza kuitisha iongezwe. Uliza hosi kama unaweza kulipa pole pole. Na usiache kutumia kava kwa sukari na presha kama inazilipia.

Sista aliishia wapi?

Rufaa ilirudi baada ya wiki sita. Walikubali, lakini hadi kiwango chake cha kulazwa tu. Iliyobaki tulichanga, familia na mbogi ya kazini kwake. Haikuwa ushindi wa sinema, lakini alifanyiwa.

Kitu kimoja bado kinanikera. Alikuwa karibu kuifuta ile imeli. Aliona jibu la kampuni kama hukumu juu ya mwili wake, kumbe ilikuwa mtu kwa ofisi ametick kisanduku. Kwa hivyo ukipata yako, lia kidogo kama lazima, halafu itisha mkataba.