Kumsajili Mchimbaji Bila Kumpoteza

Tangu soko la madini la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji wa Nyarugusu au Rwamgasa amezoea kuandikwa kila anapopeleka dhahabu yake: jina, leseni, uzito, bei. Tuseme sasa wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, mkoani Shinyanga, wanataka mfumo wao wa kutunza rekodi, na kijana wao anaujenga kwa Django, fremuweki iliyotolewa kwa umma mwaka 2005 na ambayo mkutano wake wa kwanza wa Afrika ulifanyika Zanzibar Novemba 2023.

Atakuta akaunti ya mtumiaji imeshaandaliwa: jina la kuingilia, jina la kwanza na la mwisho, barua pepe na nywila. Namba ya simu haimo, ya kitambulisho cha taifa (NIDA) haimo, wala kijiji. Ataziweka wapi?

Jibu linaanza kwa kutenga vitu viwili. Kinachomfungulia mtu mlango ni cha akaunti. Kinachomweleza mtu ni cha wasifu.

Kwa wachimbaji hawa mlango hufunguliwa kwa namba ya simu, si kwa barua pepe. Kwa hiyo simu iwe ndani ya akaunti yenyewe, kwa kutengeneza modeli ya mtumiaji ya kwako. Django inaruhusu hilo tangu toleo la 1.5 la mwaka 2013. Ifanye kabla majedwali ya hifadhidata hayajaundwa. Kuibadilisha baadaye ni kama kung'oa matimba, magogo yanayoshikilia kuta za shimo, wakati watu wamo ndani ya duara.

Kijiji, namba ya NIDA na mtu wa kupigiwa simu ikitokea ajali viende kwenye jedwali la wasifu, lililofungwa na akaunti kwa uhusiano wa mmoja kwa mmoja. Leseni nayo ipewe jedwali lake. Leseni ndogo ya uchimbaji hudumu miaka 7, na inaweza kumilikiwa na mtu mmoja au na kikundi cha Watanzania. Ukiibandika kwenye wasifu, siku mtu akipata ya pili huna pa kuiandika.

Kosa linaloumiza zaidi hutokea wakati wa kuhifadhi. Akaunti imeundwa, mtandao wa hifadhidata ukakatika, wasifu haukuandikwa. Mchimbaji akijaribu tena anaambiwa namba yake imeshatumika. Akiingia, mfumo haumjui. Dawa ni kuyafunga maandishi yote mawili ndani ya muamala mmoja: yapite yote au lisipite hata moja. Wengine hutegemea signali inayounda wasifu mara akaunti ikishahifadhiwa. Tatizo ni kwamba signali haioni fomu aliyojaza mtu, hivyo huacha wasifu mtupu usipoujaza mwenyewe ndani ya muamala huohuo.

Kisha angalia aina ya kila safu. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na huanza na mwaka wa kuzaliwa. Ni kubwa kuliko namba kamili ya biti 64, kwa hiyo itunze kama maandishi. Simu pia ni maandishi, la sivyo sifuri ya mbele itapotea. Chagua sura moja, inayoanza na +255, na uigeuze kila namba kabla ya kuihifadhi, ili mtu mmoja asisajiliwe mara mbili.

Majina nayo yaheshimiwe. Fomu inayokubali herufi pekee itamkataa Msukuma mwenye jina kama Ng'wandu kwa sababu ya kile kialama cha juu. Tena simu nyingine huandika kialama kilichopinda, nyingine kilichonyooka. Visawazishe, maana kwa kompyuta hayo ni majina mawili.

Mwisho, pima unachodai. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na kwa kiasi kinachohitajika. Siku ya kwanza jina, simu na nywila vinatosha; NIDA na leseni viombwe anapotaka kuandikisha mzigo wake wa kwanza. Mtu aliyetoka jioni kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, akiwa na vumbi mikononi na chaji kidogo kwenye simu, anapaswa kumaliza usajili na kukuta jina lake limeandikwa kama alivyolitaja.