Daudi na Jildo: Machali Wawili wa Hapa Jirani Ambao Bado Wanangoja Kuitwa Watakatifu

Wadau, tangu Carlo Acutis atangazwe mtakatifu Septemba 7, 2025, sura yake iko kila mahali. Juzi nimemwona kwa stika ya nduthi hapa Kitale, stage ya Kibomet, kando ya stika ya Arsenal.

Kama hiyo stori ilikupita: Carlo ni chali wa Kiitaliano, alizaliwa London 1991, akafariki 2006 kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15 tu. Alikuwa anacheza gemu, anavaa jinzi na raba, anaenda misa kila siku, na alitengeneza tovuti ya miujiza ya Ekaristi. Ndiyo maana wengi wanamwita mtakatifu wa intaneti.

Nilionyesha kukhu wangu wa Chwele hiyo picha kwa simu. Akaiangalia sana, akasema, "Huyu amevaa viatu vizuri, mjukuu. Na wetu wa huku wako wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta. Na kumbe wako, tena wawili, tena wadogo kuliko vile ulikuwa unadhani.

Walikuwa akina nani?

Ukitoka Kitale upite Endebess, uvuke mpaka pale Suam, halafu ukate Karamoja yote, unatokea Acholi, kaskazini mwa Uganda. Huko ndiko walizaliwa Daudi Okello na Jildo Irwa. Daudi alizaliwa karibu 1902, Jildo karibu 1906. Nasema "karibu" kwa sababu siku hizo hakukuwa na cheti cha kuzaliwa.

Wamisionari wa Comboni walifungua misheni Kitgum 1915. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni, hawa machali wawili walibatizwa na Padri Cesare Gambaretto, na Oktoba hiyo hiyo wakapata kipaimara. Wazazi wa Daudi walifuata dini ya jadi. Baba ya Jildo alikuja kuwa Mkristo baadaye.

Wanaelezwa kama watu wawili tofauti kabisa. Daudi alikuwa mkimya, mwenye haya. Jildo alikuwa mchangamfu, anapenda kucheza na watoi wenzake.

Mwisho wa 1917 wakaenda kwa padri na ombi moja. Katekista wa sehemu inaitwa Paimol alikuwa amefariki, na wao walitaka kwenda kushika hiyo nafasi. Padri akasita. Paimol ilikuwa mbali, ilikuwa na wavamizi na watu wa magendo, na huyu Jildo bado alikuwa mtoi. Aliwaambia wazi kwamba wanaweza kuuawa huko. Daudi akajibu kwamba haogopi kufa, kwa sababu hata Yesu alikufa. Wakaruhusiwa.

Kama umekulia Trans Nzoia ama Bungoma, hii kazi unaijua. Ukienda kigango chochote cha ndani, padri anakuja mara moja moja. Jumapili zingine zote ni katekista ndiye anaongoza sala, anafundisha watoto, anazika watu. Ndiyo kazi Daudi alikuwa anafanya Paimol. Asubuhi anapiga ngoma kuita watoto, wanasali, wanakariri mafundisho kwa kuimba. Jildo anacheza nao halafu anawaleta darasani. Jioni sala tena.

Asubuhi ya Oktoba 1918

Baada ya karibu mwaka mmoja, mambo yakaharibika. Uamuzi wa mkuu wa wilaya, Mwingereza, uliogusa uchifu wa Paimol uliwasha moto. Watu walikuwa na hasira na serikali ya mkoloni, na kwa macho ya wengi, serikali ya mzungu na dini ya mzungu zilikuwa kitu kimoja.

Kati ya Oktoba 18 na 20, kabla kupambazuke, watu wenye mikuki walifika kwa nyumba ya hao makatekista. Mzee wa kijiji alijaribu kuwatetea, akisema hawa ni wageni wake. Daudi aliambiwa aache kufundisha dini. Akakataa. Akatolewa nje, akachomwa mkuki.

Jildo alikuwa analia. Hapa ndipo stori hunishika. Angeweza kukimbia, angeweza kusema yeye ni mtoi tu, hajui lolote. Kumbukumbu zilizokusanywa zinasema alijibu kwamba hawajafanya ubaya wowote, na kama Daudi ameuawa kwa kufundisha, basi na yeye alikuwa anafundisha. Akauawa pia. Daudi alikuwa na kati ya miaka 16 na 18. Jildo, kati ya 12 na 14. Mwenye huo umri leo yuko Junior School.

Mabaki ya Daudi yaliokotwa 1926 na kupelekwa kanisa la misheni Kitgum. Mahali walipouawa palibadilishwa jina, pakaitwa Wi-Polo, yaani mbinguni kwa Kiacholi.

Ilikuwa imani ama siasa?

Swali la haki hili. Kama watu walikuwa wamekasirikia mkoloni, si hawa machali walikufa tu kwa vita ya wakubwa?

Kanisa huuliza vitu viwili. Kwanza, muuaji alichukia nini hasa? Pili, aliyeuawa alikubali kifo kwa sababu ya imani, ama kilimpata tu njiani? Kwa Daudi na Jildo, siasa ilikuwepo, hakuna anayeficha. Lakini kitu waliambiwa waache kilikuwa katekesimu. Na njia ya kutoka ilikuwepo, kila mmoja wao akaikataa akiwa na akili timamu. Hapo ndipo Roma iliona ushahidi wa shahidi wa imani, na Oktoba 20, 2002, Papa Yohane Paulo II akawatangaza wenyeheri.

Sasa mbona Carlo amewapita?

Wacha nikuvunjie hii kitu, kwa sababu mimi pia ilinichanganya.

Kuna hatua nne. Ukianza kuchunguzwa unaitwa Mtumishi wa Mungu. Maisha yako yakikubaliwa unakuwa Mstahiki. Halafu Mwenyeheri. Mwisho, Mtakatifu.

Mtu wa kawaida, kama Carlo, anahitaji muujiza mmoja kuwa mwenyeheri na mwingine kuwa mtakatifu. Carlo alipata yote: mtoto wa Brazil aliyekuwa na shida ya kongosho, na msichana wa Costa Rica aliyeumia kichwa baada ya kuanguka na baiskeli Florence. Shahidi huruka muujiza wa kwanza. Damu yake inatosha. Lakini kuwa mtakatifu, kwa kawaida bado anadaiwa muujiza mmoja.

Na muujiza si kupiga nduru kanisani. Mara nyingi ni mtu mgonjwa kabisa, watu wanamwomba huyo mwenyeheri, anapona, halafu madaktari Roma wanachambua faili wakitafuta sababu ya kisayansi. Wakiikosa, ndipo mambo yanasonga. Kwa hivyo kunahitajika hospitali, vipimo vya kabla na baada, na mashahidi.

Sasa fikiria Acholi ya 2002. Siku hao machali wanatangazwa wenyeheri Roma, kwao kulikuwa na vita ya Kony. Miaka hiyo watu wengi walikuwa wanaishi kambini. Hata kama kuna mama aliomba usiku na mtoi wake akapona, nani angeweka karatasi? Sisemi Mungu anangoja makaratasi. Nasema Roma inayangoja.

Na si kwamba watu wetu hawafiki. Kizito, yule wa miaka 14 aliyechomwa Namugongo Juni 3, 1886, alikuwa mtakatifu pamoja na wenzake Oktoba 18, 1964. Kilichosaidia ni kupona kwa masista wawili waliougua tauni pale Rubaga 1941. Ilichukua miaka 78.

Na sisi huku?

Bungoma tuna mtu wetu kwa hii foleni. Kardinali Maurice Otunga, mzaliwa wa Chebukwa, mtoto wa Chifu Sudi Namachanja. Angeweza kukalia kiti cha baba yake, akachagua upadri. Alifariki 2003 na kesi yake ilianzishwa. Huyo alikuwa mzee wa kuheshimika, kardinali mzima, na bado ni kungoja.

Mimi niliacha college mwaka wa pili. Kila nikirudi nyumbani kuna mtu lazima aniulize cheti kiko wapi, kana kwamba bila hiyo karatasi siwezi kumfundisha mtu kitu. Jildo hakuwa na karatasi hata moja. Alikuwa na ngoma, nyimbo, na watoi waliokuwa wanamngoja asubuhi. Sikulazimishi uamini anachoamini kukhu wangu. Lakini hawa wawili wanafaa kujulikana hapa kwetu angalau kama vile Carlo anajulikana.

Kila Oktoba mahujaji huenda Paimol. Kama wewe ni wa kutembea Namugongo kila Juni, sasa unajua kuna njia nyingine. Na kama umewahi kuwaomba ukapona, tafadhali usitupe karatasi za hospitali.

Nilirudi Chwele na picha yao ya kuchorwa. Kukhu akaniuliza majina, akayaandika nyuma ya kitabu chake cha sala. Jildo ameandikwa "Chilito." Sikumsahihisha. Ameshaanza kuwaomba.