Chunusi Mbele ya Hadubini

Mwulize mtoto akaaye karibu na maji, hapa Kwashemshi au kule Pangani mto unakoishia baharini, kwa nini haogi kwenye kilindi. Huenda asikujibu kwamba maji ni marefu. Atakwambia yumo chunusi, mwenye kushika watu miguu na kuwazamisha. Wengi wetu tuliokalia madawati ya misheni tuliambiwa kuwa hayo ni upuzi. Tuliitikia darasani, na jioni tukapita mbali na mto vile vile. Mtoto aliyekanushiwa tu hakupewa njia ya kupima neno. Amebadilishiwa mtu wa kumwamini.

Watu wa Scotland nao wana chunusi wao, katika ziwa Loch Ness, lenye kina kinachopita meta 220. Habari zake zilienea magazetini tangu 1933, na picha yake mashuhuri ilitolewa 1934. Mwaka 1994 ikabainika kwamba picha ile ilikuwa ya manowari ya kuchezea iliyobandikwa kichwa. Lakini picha moja ya uongo haithibitishi kwamba ziwa ni tupu. Ndipo mwaka 2018 Profesa Neil Gemmell wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, na wenzake walipochota maji mara 250, ya juu na ya chini. Kila kiumbe huacha majini ngozi, magamba au kinyesi, na humo mna chembe za urithi zinazomtambulisha. Majibu yakatoka 2019: hapakuonekana chembe ya mtambaazi yeyote mkubwa, bali za mikunga zilikuwa tele. Je, yuko mkunga mkubwa kupita kiasi? Profesa hakudai amemwona. Alisema tu kwamba hawezi kumkanusha. Twapenda jibu la namna hiyo.

Wala si kila ajabu ni uongo. Wataalamu waliamini kwamba samaki aitwaye silikanti alikwisha toweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, hata alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Baadaye wavuvi wa Tanga, mkoa wetu huu huu, wakamnasa mara nyingi katika nyavu za kilindini, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Samaki huyo alilazwa mezani akapimwa. Chunusi naye tumdai hilo hilo.

Basi mwalimu awaulize watoto: ana mapafu au matamvua? Mwenye mapafu hana budi kuibuka, kama aibukavyo mamba wa Pangani, macho na pua tu vikiwa juu ya maji. Anakula nini? Nyayo zake ziko wapi? Nani alimwona, saa ngapi, kwa umbali gani? Aliyeona kwa macho yake aandikwe mbali na aliyesimuliwa. Kazi hii ifanyiwe darasani, na maji yakihitajika, achote mtu mzima kwa ndoo ya kamba, mikononi amevaa glavu za mpira.

Twasema glavu kwa sababu huenda mshikaji mwenyewe akawamo ndooni. Katika madimbwi na mifereji iliyotulia huishi konokono watoao vijidudu vya kichocho, visivyoonekana kwa macho. Hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, saa zile zile watoto waogapo na mama zao wafuapo nguo, wakapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Minyoo ikishakomaa hukaa kwenye mishipa ya kibofu na kutaga, na mayai yake yakiingia majini kwa mkojo humrudia konokono. Mtoto hukojoa damu, akanyamaza kwa haya. Na kuna mahali ambapo damu hiyo hudhaniwa kuwa dalili ya kubalehe! Ugonjwa ukiachwa miaka huharibu kibofu na figo, naye mfanyakazi wa mkonge anayenawa bwawani baada ya kazi hasalimiki kwa kuwa ni mtu mzima.

Dawa ipo, prazikwanteli, vidonge ambavyo kipimo chake hutokana na uzito au urefu wa mtoto. Kamati za shule zimwombe mganga wa zahanati aje siku moja na hadubini, watoto wachungulie kwa zamu yai lile lenye mwiba nchani, kisha kila mmoja achore alichokiona.